Kama Yuda alipangiwa kumsaliti Yesu, kosa lake ni lipi? (Uzi mrefu, njoo na subira)

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu.

Swali hili halikosekani popote dini inapojadiliwa, na mara nyingi anayeliuliza hatafuti jibu, anatafuta kumnyamazisha mwenzake. Usaliti ulitabiriwa, msalaba ulipangwa, bila Yuda pasingekuwa na Ijumaa Kuu. Sasa jamaa alaaniwe kwa kutimiza ratiba? Wapo wanaoenda mbele zaidi na kusema alistahili ahsante.

Wanaojibu nao hukimbilia pembe mbili. Kundi moja husema Mungu alijua tu, hakupanga lolote. La pili husema Mungu ndiye mwenye vyote, wewe nani hata uhoji, kaa kimya. Kwa maoni yangu wote wawili wanaliruka andiko lenyewe. Fungua Marko 14:21. Yesu anasema Mwana wa Adamu anakwenda zake kama alivyoandikiwa, na papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, anasema ole wake mtu yule anayemsaliti, ingekuwa heri asingalizaliwa. Luka 22:22 ni kali zaidi, kwa sababu pale hasemi "ilivyoandikwa", anasema "ilivyokusudiwa". Petro naye kwenye Matendo 2:23 anafuata mkondo huohuo: alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na ninyi mkamwua. Kusudi na lawama vimekaa pamoja, na msemaji haonyeshi dalili yoyote kwamba kimoja kinafuta kingine.

Sasa mtazame Yuda mwenyewe. Yohana 12:6 inasema alikuwa mshika mfuko na alikuwa akichota humo. Kwenye Mathayo 26 hakuna aliyekuja kumtafuta; anajipeleka mwenyewe kwa wakuu wa makuhani na kuuliza, "Ni nini mtakachonipa?" Wanapatana vipande 30 vya fedha. Baadaye yupo mezani, inatangazwa kwamba mmoja wao ni msaliti, naye anauliza kama wenzake, "Ni mimi, Rabi?" huku mzigo ameshaupokea. Alama ya kumtambulisha Yesu gizani anaichagua yeye: busu. Mtu aliyekokotwa hafanyi hivi. Huyu anapanga, anapatana bei, anaficha uso.

Kinachonishika zaidi ni Mathayo 27:4. Alipoona Yesu amekwisha kuhukumiwa, alirudisha fedha akasema amekosa, ameisaliti damu isiyo na hatia. Kama yupo mwanadamu aliyewahi kuwa na haki ya kusema "nilipangiwa", ni huyu. Hakusema.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, mnaweza kuipiga mtakavyo: hatia ya mtu haipimwi kwa kuuliza kama Mungu alikuwa na mpango juu ya tukio. Inapimwa kwa kuuliza tendo limetoka kwenye nia ya nani. Isaya 10 inaonyesha wazi kabisa. Mungu anamwita Mwashuri fimbo ya hasira yake, anamtuma dhidi ya taifa potovu, kisha anasema atamwadhibu. Dhuluma? Soma mstari wa 7: yeye mwenyewe hakusudii hivyo, moyoni mwake anakusudia kuharibu na kukatilia mbali mataifa. Tukio moja, nia mbili. Yusufu aliwaambia ndugu zake hilohilo kwenye Mwanzo 50:20: ninyi mlikusudia mabaya, Mungu aliyakusudia kuwa mema. Hakuwaambia kwamba kwa kuwa Mungu alikusudia mema, basi na wao walikuwa wema.

Karibuni. Wa matusi apite, jukwaa lake lipo.

Mzee wa Zamu

Naweka kambi hapa. Ila mleta uzi nijibu la mtu wa kawaida kwanza. Kama siku yangu imepangwa, nijihadhari za nini? Kama nimeandikiwa kuokoka, nitaokoka hata nikilala. Kama sikuandikiwa, najisumbua kwenda ibadani.

Mleta uzi

Mzee wangu, swali hilo ni kongwe kuliko Ukristo. Wanafalsafa wa Kiyunani walikuwa wakiliita hoja ya mvivu: kama umeandikiwa kupona utapona, umwite tabibu usimwite. Chrysippus, mwanafalsafa wa shule ya Stoa, alijibu kwamba kama kupona kumepangwa, basi na kumwita tabibu kumepangwa humohumo. Katika karne ya 3 Origen, mwanateolojia Mkristo, aliitaja hoja hiyo alipokuwa anamjibu Celsus, mpagani aliyeandika kuupinga Ukristo, na mfano waliokuwa wakigombania ni huyuhuyu Yuda. Celsus alidai Yesu kwa kutabiri ndiye aliyewasababishia wanafunzi wake kuwa wasaliti. Origen akasema utabiri si chanzo cha tukio. Tukio lijalo ndilo chanzo cha utabiri. Kwa hiyo wanaodhani wamebuni swali jipya juzi, wamechelewa karne nyingi.

Lakini jibu bora kuliko la Mstoa lipo Matendo 27, nalo watu hulisoma kama hadithi ya safari tu. Dhoruba imewakamata, wiki mbili hakuna jua wala chakula. Paulo anawaambia malaika amemhakikishia kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea, ila merikebu tu. Ahadi imetolewa, imefungwa. Usiku wa 14 mabaharia wanaanza kushusha mashua, wakijifanya wanakwenda kutupa nanga upande wa omo, kumbe wanatoroka. Kwa hesabu ya mvivu, Paulo angesema waache waende, Mungu ameshaahidi. Yeye anamgeukia akida na askari: hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaweza kuokoka. Askari wakazikata kamba za mashua, ikaangukia huko. Mwisho wa siku watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Paulo yuleyule aliyeandika Warumi 9 hakuona tatizo kusema "mtaokoka hakika" na "msipofanya hivi hamtaokoka" ndani ya safari moja. Aliyepanga nchi kavu alipanga na zile kamba zikatwe.

TomasoMwenyeShaka

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeruka kizingiti. Unasema tuulize nia imetoka kwa nani. Haya, imetoka kwa Yuda. Na Yuda katoka kwa nani? Nani alimpa moyo wa tamaa? Kama Mungu ndiye muumba wa vyote na anajua kila kitakachotoka kwenye kila alichoumba, basi kusema "alitaka mwenyewe" ni kusogeza swali nyuma hatua moja. Hujalijibu.

Berea

Tomaso, swali lako Paulo alishaliona likija. Warumi 9:19: mbona angali akilaumu, kwa maana ni nani ashindanaye na kusudi lake? Angekuwa anafundisha kwamba Mungu alitazama mbele akaona nani ataamini kisha akamchagua, swali hilo lisingezaliwa kabisa, maana kila mtu angeona ni haki. Jibu lake ni mfinyanzi na udongo. Halipendezi, lakini ndilo lililopo.

Mimi ni wa upande wa Calvin, yule mwanamageuzi wa Geneva, na sioni haya. Watu humchora kama mtu aliyefurahia kuwatupa wenzake motoni. Someni alichoandika. Katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la 1559, alikiri kwa kinywa chake kwamba azimio la Mungu la nani achaguliwe na nani akataliwe ni la kutisha. Tena mafundisho ya uteule hakuyaweka mwanzoni pamoja na habari za Mungu. Aliyaweka baada ya imani, baada ya kuhesabiwa haki, baada ya sura ndefu ya maombi. Yaani mtu ajue kwanza ameokolewa kwa neema, ndipo ageuke nyuma aulize neema hiyo ilianzia wapi. Anayeanzia kwenye orodha ya waliochaguliwa na waliokataliwa ameingilia dirishani.

Kuhusu hatia, Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la watu wa upande wa Calvin, linasema Mungu ameazimia yote yanayotokea, na palepale linaongeza kwamba yeye si mwasisi wa dhambi, wala utashi wa viumbe haulazimishwi kwa nguvu. Jonathan Edwards, mwanateolojia wa Marekani, mwaka 1754 alilichambua hili akatenganisha kutoweza kwa namna mbili. Yupo asiyeweza kwa sababu amefungwa minyororo, huyo halaumiwi. Na yupo asiyeweza kwa sababu hataki, chuki imemjaa hadi hawezi kusema neno jema juu ya jirani yake. Huyu wa pili kadiri asivyoweza ndivyo lawama inavyozidi. Hakuna hakimu aliyemwachia muuaji kwa sababu alikuwa na chuki nyingi mno.

DadaMdadisi

Mtumishi Berea, mfinyanzi yupo pia Yeremia 18, na huko Mungu anaeleza mwenyewe maana yake: nikinena juu ya taifa kwamba nitaling'oa, nalo likageuka na kuacha uovu, nitaghairi. Udongo ule unajibu. Na Ezekieli 33:11 anaapa kabisa kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu. 1 Timotheo 2:4, anataka watu wote waokolewe. Ukiwa na nadharia inayokulazimu kusema "wote" si wote, hapo nadharia ndiyo imeanza kusoma Biblia badala yako.

Halafu naomba tusizuliwe. Kila tukitaja hiari tunaitwa Wapelagi, yaani wafuasi wa Pelagius, kana kwamba tunasema mtu anaweza kujiokoa kwa nguvu zake. Zile hoja tano walizotoa mwaka 1610 wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi aliyepinga uteule wa namna ya Calvin, zinasema waziwazi, kwenye ile ya tatu, kwamba mtu hana imani iokoayo kwa nguvu zake mwenyewe. Ugomvi upo kwenye ya nne: neema hiyo yaweza kukataliwa. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, naye alifundisha neema itanguliayo, kwamba Mungu anamgusa kila mtu kwanza ili aweze kuitika. Mahubiri yake ya 1739 dhidi ya fundisho lenu yalimgombanisha na rafiki yake George Whitefield, aliyekuwa upande wa Calvin. Na bado Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri ibada ya kumkumbuka. Tujifunze adabu hiyo humu.

Mkatoliki Mkongwe

Nimewasoma vijana. Niongeze ya upande wetu, maana mnajadili kana kwamba mambo yalianza Geneva.

Sinodi ya pili ya Orange, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 529 huko Ufaransa ya leo, ilisema vitu viwili ambavyo watu hupenda kuchukua kimoja na kuacha kingine. Kwanza, hata mwanzo wa imani ni zawadi ya Mungu, hautoki kwetu. Pili, yeyote anayesema Mungu amewapangia watu uovu, alaaniwe. Karne ya 9 akatokea mmonaki Gottschalk akifundisha kupangiwa kuwili, wema kwa uzima na waovu kwa mauti. Alihukumiwa Mainz mwaka 848, mwaka uliofuata Quierzy wakamchapa viboko hadi akayatupa maandishi yake motoni kwa mkono wake, wakamfungia katika monasteri ya Hautvillers mpaka akafa. Mimi simfuati, lakini viboko vile havikuwa hoja.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wetu wa karne ya 13, alisema jambo ambalo kwangu linatosha. Mungu si sababu mojawapo iliyopanga foleni pamoja na sababu zetu, ili yeye akisukuma asilimia fulani sisi tubaki na iliyosalia. Yeye ni sababu ya kwanza inayovipa vitu vyote kutenda kulingana na asili yake: moto kuwaka kwa lazima, mtu kuchagua kwa hiari. Akimsogeza mtu, anamsogeza kama mtu. Na akaongeza kwamba pasipo hiari, mashauri, maonyo, amri, makatazo, thawabu na adhabu vingekuwa bure. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ukakazia: utashi unaoamshwa na Mungu unaweza kukubali na unaweza kukataa.

Baada ya hapo na sisi tulipigana. Luis de Molina, wa shirika la Wajesuiti, alitoa kitabu mwaka 1588 akidai Mungu anajua pia kila mtu angefanya nini katika kila hali ambayo ingeweza kutokea, na kwa kujua hivyo hupanga ulimwengu bila kumlazimisha mtu. Andiko lake la kupendwa ni 1 Samweli 23: Daudi anauliza, watu wa Keila watanitia mikononi mwa Sauli? Mungu anasema watakutia. Daudi anaondoka, na jambo hilo halitokei kamwe. Mungu alijua kitu ambacho hakikuja kuwa. Wadominikani, shirika jingine la watawa, wakasema huko ni kumfanya Mungu amsubiri kiumbe wake. Roma ikaunda tume, ikakaa kuanzia 1598, na mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano akawaambia wote warudi nyumbani, asiwepo wa kumwita mwenzake mzushi, uamuzi utatolewa wakati ufaao. Mpaka leo haujatolewa.

TomasoMwenyeShaka

Hahaha, yaani miaka 400 na ushee kesi ipo masjala.

Mleta uzi

Tomaso umenichekesha, ila kesi kukaa masjala kunaonyesha kitu. Pande zote zilizotajwa hapo juu zimegombana juu ya namna, na hakuna hata moja iliyofika kusema kwamba mkosaji asilaumiwe. Hata Sinodi ya Dort, huko Uholanzi, ya 1618 na 1619, ambayo ndiyo ilizikataa zile hoja tano alizotaja dada, inasema chanzo cha kutokuamini hakimo ndani ya Mungu, kimo ndani ya mtu. (Siasa zake zilikuwa chafu, hilo sitetei: mwanasiasa mkuu aliyewalinda wafuasi wa Arminius, Oldenbarnevelt, alikatwa kichwa Mei 1619, siku chache tu baada ya sinodi kufunga shughuli zake kuu.)

Nirudi nyuma kwa Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, kwa sababu nadhani yeye ndiye aliyekutana na swali la Mzee wa Zamu likiwa na watu ndani yake, na halikuwa la kwenye karatasi. Mnajua mwanzo wa ugomvi: aliandika sala kwenye kitabu chake cha Maungamo, "toa unachoagiza, kisha agiza utakacho". Pelagius, mtawa kutoka Uingereza, aliisikia ikinukuliwa Roma akaghadhibika. Alikuwa anawafundisha watu waache uvivu wa kiroho, na hapa askofu anawapa kisingizio: sijatii kwa sababu Mungu hajanipa. Namwelewa Pelagius. Wengi humcheka bila kujua alikuwa anapigana na nini. Mtaguso wa Karthago mwaka 418 ulimkataa, lakini kisingizio alichokiogopa kilikuja kweli.

Kilikuja kwenye monasteri ya Hadrumetum, Afrika ya Kaskazini, mnamo mwaka 426. Wamonaki walisoma maandishi ya Augustino juu ya neema, wakagawanyika. Baadhi wakawaambia wakubwa wao: kama kutii ni zawadi ya Mungu, kwa nini mnatukemea? Tufundisheni la kufanya, mtuombee tupewe uwezo wa kulifanya, basi. Kukemea mtu kwa kukosa asichopewa ni uonevu. Ni hoja safi kabisa. Ningekuwa mkubwa wao ningekwama.

Augustino aliwaandikia kitabu kizima juu ya kukemewa na neema. Anasema: wewe usiyetaka kukemewa, kwa sababu hiyohiyo unastahili kukemewa, maana hutaki uovu wako uonyeshwe. Uovu ni wako. Kisha anasema kemeo lenyewe ni mojawapo ya njia ambazo Mungu huzitumia kutoa kile anachotoa. Maumivu ya kuambiwa ukweli ndiyo yanayomsukuma mtu kuomba. Ni Matendo 27 tena, ila safari hii ndani ya nyumba ya watawa. Neema haikuja kuchukua nafasi ya kemeo, imekuja ndani yake.

Sasa lile la Tomaso, nia katoa wapi. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, ana mfano wake: mtu amebebwa usingizini akawekwa chumbani pamoja na rafiki ambaye yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kumwona. Mlango umefungwa kwa nje, yeye hajui. Anaamka, anafurahi, anakaa kuzungumza. Hawezi kutoka, lakini je, amekaa kwa kulazimishwa? Amekaa kwa kupenda. Kwa hiyo kukosa njia nyingine si lazima kufute hiari.

TomasoMwenyeShaka

Mtu wa Locke hamu yake alikuja nayo. Hakupandikiziwa na aliyefunga mlango. Watu wako wewe wamepandikiziwa hamu na kufungiwa mlango na yuleyule mmoja.

Mleta uzi

Sawa, na hapo ndipo ninapoachana na Berea. Nakubaliana naye kuhusu hatia: kutaka kweli kunatosha kumfanya mtu aulizwe. Sikubaliani na yeyote anayelifanya azimio la wema na la uovu kuwa mapacha. Mungu hapandi uovu kama anavyopanda wema. Yakobo 1:13-14 inakata maneno: Mungu hamjaribu mtu, kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Orange walikuwa sahihi.

Mtaniambia Farao. Sawa, twende kwa Farao taratibu. Mungu anamwambia Musa mapema, Kutoka 4:21, kwamba ataufanya moyo wake kuwa mgumu. Lakini fuata mapigo yenyewe. Sura ya 8, baada ya vyura, anayeufanya moyo mgumu ni Farao. Baada ya mainzi, Farao tena. Ni mpaka pigo la sita, yale majipu, 9:12, ndipo msimulizi anasema Bwana akaufanya mgumu. Halafu baada ya mvua ya mawe, 9:34, ni Farao tena. Mtu anasema hapana, hapana, hapana, na mwishowe anaachiwa hapana yake. Warumi 1 inatumia lugha hiyohiyo, "Mungu aliwaacha". Na Yuda? Yohana 13:27: "Uyatendayo yatende upesi." Ameachiwa.

TomasoMwenyeShaka

Sifa zote za Mungu, lawama zote zetu. Mkataba mzuri kwa upande mmoja.

Mkatoliki Mkongwe

Kijana, kwa Augustino uovu si kitu kilichoumbwa, ni upungufu, ni kuanguka kutoka kwenye kitu. Cha kusimama kinahitaji wa kukisimamisha. Cha kuanguka hakihitaji wa kukiangusha.

TomasoMwenyeShaka

Mzee, heshima yako, lakini aliyeweza kukizuia kisianguke na asikizuie?

Mzee wa Zamu

Mimi haya ya juu yananipita kichwani. Lakini nimefanya kazi ya kuhudumia misiba kanisani muda mrefu, na kuna kitu uzi huu umenisaidia kukisema. Mtu amekunywa, ameshika usukani, ameua watoto wa watu. Kwenye msiba anasimama mzungumzaji: ni mipango ya Mungu, kazi yake haina makosa. Na mwuaji yupo palepale anaitikia amina kwa sauti kuliko wafiwa! Nilikuwa nachukia moyoni nikidhani nakosa imani. Kumbe Petro alipohubiri hakuishia kwenye shauri la Mungu, alisema na "ninyi".

Mleta uzi

Mzee, umelisema kuliko mimi. Na angalia Petro alikuwa anasema na nani na lini. Mpango wa Mungu anautaja kwa watu waliodhani msalaba ulimshinda Mungu. Yusufu anautaja yeye aliyeuzwa, akiwatuliza ndugu zake. Ndugu hawakuwahi kumwambia Yusufu usilalamike, Mungu alipanga tukuuze. Maneno yaleyale kinywani mwa aliyeumizwa ni faraja, kinywani mwa aliyeumiza ni ujanja.

Berea

Hapo nakubali neno kwa neno. Na Calvin angekubali.

DadaMdadisi

Mimi nina moja linaloniumiza na hamjaligusa. Usiku uleule kuna wawili waliotabiriwa kuanguka. Petro aliambiwa atakana mara tatu, na akakana, tena kwa kuapa. Lakini kwenye Luka 22:32 Yesu anamwambia, nimekuombea wewe ili imani yako isitindike. Yuda aliombewa na nani?

Berea

Dada, umeingia kwenye moyo wa uteule kwa mlango wako mwenyewe.

DadaMdadisi

Sijaingia. Nimesimama nje nauliza.

Mleta uzi

Hili ndilo swali gumu kuliko lililofungua uzi. Ninachokiona ni kwamba Yuda hakuachwa mikono mitupu. Yohana 13 inaonyesha Yesu aliwaosha wote miguu, na Yuda hakuwa ameondoka bado. Miguu ile ilioshwa saa chache kabla ya kwenda kuwaongoza askari. Alipewa tonge mkononi. Bustanini, baada ya busu, Mathayo 26:50, aliitwa "rafiki". Kama hiyo si neema ya kumgeuza mtu, sijui tuiite nini. Aliipata akaipita. Hapo wewe dada na wafuasi wa Wesley mna nguvu.

Lakini Berea naye atauliza kwa nini Petro hakuipita, naye alikuwa mwoga na mwapa uongo, na jibu "kwa sababu Petro alikuwa bora" halitoki kwenye Injili yoyote. Petro mwenyewe hakudai. Augustino kila alipofika hapa, kwa nini huyu na si yule, alinukuu Warumi 11:33, hukumu zake hazichunguziki, akaweka kalamu chini. Tomaso ataniambia huko ni kukimbia.

TomasoMwenyeShaka

Ni kukimbia. Ila angalau mmekimbia mkiwa mmeshaniambia kwa nini Yuda alaumiwe, hilo nimelielewa. La Petro bado nawadai.

Mleta uzi

Unatudai kweli. Tuendelee kesho, na wale wa Karl Barth, mwanateolojia wa Uswisi, waje, maana yeye mwaka 1942 aliligeuza swali lote: aliyechaguliwa ni Kristo na aliyekataliwa ni Kristo huyohuyo, msalabani. Nina maswali na jibu hilo, hasa Yuda anakaa wapi ndani yake.

Mzee wa Zamu

Na waliokufa bila kusikia Injili kabisa?

Mleta uzi

Mzee wangu, hiyo nafungulia uzi wake. Humu tukiichanganya hatutatoka.